Altezza au Impreza? Utangulizi wa Elimu ya Kulinganisha Magari ya Spoti

Elimu unayoiingia haina idara wala shahada katika chuo chochote, lakini ina wanafunzi wengi kuliko elimu nyingi zenye majengo. Pita jioni kwenye kijiwe chochote cha Sokon I, hapa Arusha, penye gereji au penye maegesho ya bodaboda, hutakosa kulikuta darasa limeshaanza. Mtu ana akiba yake, amechoka na gari la kupelekea watoto shule, sasa anataka lenye mwendo. Altezza au Impreza? Hajamaliza kutaja bajeti, na kijiwe kimeshagawanyika kambi mbili.

Uhandisi wa magari unafundishwa hapa hapa mjini, katika Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza mwaka 1978. Huko utajifunza jinsi injini inavyogeuza joto kuwa mwendo. Hutafundishwa namna ya kusimama mbele ya magari mawili, fedha ikiwa mfukoni, na kuchagua moja kwa sababu unazoweza kuzitetea. Elimu hiyo inatoka vijiweni, kwa mafundi, kwa madalali na kwa watu waliokwisha kuumia, na nimejaribu kuipanga ili mgeni aweze kuingia bila aibu.

Nitashika mfano mmoja. Toyota Altezza RS200, gari lililotoka Japani Oktoba 1998 na kuendelea kuundwa hadi 2005. Na Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, ile ya kuanzia mwaka 2000. Nimezichagua kwa sababu zinakaribiana mahali panapofaa. Injini ya Altezza ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, ya Impreza 1,994. Uzito wa zote nao unakaribiana. Zote ni za milango minne, zinabeba familia na gunia la mchele. Zikishakaribiana hivyo ndipo zinapoachana: moja inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe na kusukuma magurudumu ya nyuma, nyingine ina turbo na inasukuma magurudumu yote manne.

Dai langu nalisema mapema ili upate nafasi ya kulipinga unaposoma: hapa kwetu, tofauti kati ya Impreza moja na Impreza nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya Impreza na Altezza. Anayelinganisha majina ya magari bado hajaanza kulinganisha magari.

Ubishi huu una asili, na asili yake ni Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zile zile walizotumia watu kwenda sokoni na hospitali. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiendesha Peugeot 404, gari la mwalimu mkuu na la mganga wa wilaya. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Watu wa Afrika Mashariki walijifunza kuyapima magari kwa kuyaona yakivunjika mbele ya macho yao. Majarida ya Ulaya yaliuliza gari linafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi. Kwetu swali la kwanza lilikuwa kama linafika.

Na si hadithi za wazee tu, kwa maana injini za magari yetu mawili zina ukoo katika mashindano hayo. Toyota Celica zenye injini ya turbo ya jamii ya 3S zilishinda Safari mwaka 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ile ya 1994 iliendeshwa na Mkenya, Ian Duncan. Injini ya Altezza RS200 ni ya jamii hiyo hiyo ya 3S, ila yenyewe haikupewa turbo. Upande wa pili, Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa na Subaru Impreza iliyobeba injini ya jamii ya EJ20, ndugu ya ile iliyomo katika WRX inayouzwa leo na dalali. Kwa hiyo kijana anayegombana na mwenzake kijiweni anarithi ugomvi ambao baba yake aliushuhudia vumbini. Mshabiki wa Mitsubishi Lancer atakuja juu hapa, na ana haki: Lancer ilishinda mara mbili na Joginder Singh, 1974 na 1976, na Tommi Mäkinen akaja kuongeza 1996 na 2001. Lakini Lancer Evolution nzima, ambayo haijachokonolewa, ni adimu mitaani kwetu, na mfano wa kufundishia lazima mwanafunzi aweze kuukuta.

Tuje kwenye takwimu, ambazo mgeni huzipenda mno. Kiwanda kilisema Altezza RS200 yenye gia za mkono ina nguvu farasi 210, zikipatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Impreza WRX ilitajwa kuwa na 250, kwenye mizunguko 6,000. Mwanafunzi wa kwanza hutoa 210 katika 250 akadhani amemaliza. Wa pili huangalia ile mizunguko, na hapo ana akili zaidi. Altezza nguvu zake zimepanda juu kabisa ya saa ya mizunguko, hivyo mwenye kuiendesha taratibu kati ya matuta hazikuti kamwe. Impreza hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, takriban mara moja na nusu ya ile ya Altezza, kwenye mizunguko 3,600 hivi, mahali ambapo mtu wa kawaida anafika akipita lori la mchanga.

Wa tatu, ambaye ndiye ninayetaka uwe, atauliza takwimu hizo zilipimwa wapi. Zilikokotolewa kwa hewa ya usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo haina ujanja: hewa ikipungua, inachoma mafuta pungufu, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango hicho hicho. Zile farasi 210 za Altezza, hata injini ikiwa mpya kama ilivyotoka kiwandani, hapa Sokon I zinabaki kama 180. Turbo nayo inaumia, tusidanganyane. Inabidi izunguke kwa kasi zaidi kukandamiza hewa nyembamba, inachelewa kuamka, na hewa inayoitoa ina joto zaidi. Lakini hasara yake ni ndogo. Gari lililomshinda jirani yake kidogo kule Tanga litamshinda sana chini ya Mlima Meru, na dereva wa Altezza anayehamia huku kikazi hukimbilia kwa fundi kulalamika kwamba gari limechoka, kumbe limepanda mlima tu.

Kimo hicho hicho kina upande wake wa huruma, na huu vijiwe vingi havijaugusa. Injini ya Altezza ya gia za mkono inabana mchanganyiko wake kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, ambao ni mkubwa, na ilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Vituo vyetu vingi vina petroli ya daraja moja tu, unajaza iliyopo. Petroli isiyotosha daraja hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, injini ikagonga, kompyuta ikairudisha nyuma mifyatuko ya plagi na nguvu ikapotea. Ila hewa nyembamba hupunguza mbano ndani ya silinda, hivyo injini isiyo na turbo inahitaji daraja dogo kidogo la petroli huku juu kuliko pwani. Turbo haipati nafuu hiyo kwa kiasi hicho, kwa sababu inairudisha hewa ile ile iliyopungua. Mwenye Impreza iliyoongezwa mbano wa turbo na fundi wa kompyuta, akajaza mafuta ya kituo cha karibu, anacheza na pistoni zake.

Sasa niingie katika lile dai langu. Vitabu na majarida ya kulinganisha magari yameandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua gari jipya. Mwandishi hupewa magari mawili kutoka kiwandani, yakiwa na tairi mpya, na atakayesoma atanunua gari lililo sawa kabisa na lile lililopimwa. Sisi tunanunua magari yenye miaka ishirini. Katika miaka hiyo gari limekuwa na wenyewe watatu au wanne, mmoja alibadilisha oili kwa wakati na mwingine alilipeleka kwenye mashindano ya usiku. Limegongwa nyuma, limenyooshwa, limepakwa rangi. Jina lililobandikwa kwenye buti limebaki lile lile, lakini gari ni lingine.

Hata jina lenyewe halina dhamana. Alama ya RS200 inauzwa dukani kama sumaku ya friji, na boneti yenye tundu la hewa inaingia bila shida kwenye Impreza ya kawaida. Ndiyo maana somo la kwanza la vitendo ni kusoma namba ya chasisi. Altezza RS200 ya kweli inaanza na SXE10. Ikianza na GXE10 hiyo ni AS200, yenye silinda sita na nguvu farasi 160, gari zuri na tulivu lakini si lile uliloahidiwa. Kwa Impreza ya kizazi hiki, GDA ni WRX, GDB ni STI, na ukikuta GD2 au GD3 umesimama mbele ya gari la lita 1.5 lililovaa nguo za kaka yake. Namba hizo zimeandikwa pia kwenye kadi ya gari. Inashangaza watu wangapi hulipa kabla ya kuisoma.

Baada ya chasisi inafuata karatasi ya mnada. Nchini Japani gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi na matengenezo yake humfanya mwenye gari kuukuu aone heri auze. Gari huenda mnadani. Kule mkaguzi wa mnada huliandikia karatasi moja: daraja kwa namba, kama 4.5, 4 au 3.5, herufi ya hali ya ndani, na mchoro wa bodi uliojaa vialama. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. R mahali pa daraja ina maana gari lilipata ajali na mifupa yake ikatengenezwa. Mkaguzi yule hakukujua wewe wala dalali wako, na hakuwa na sababu ya kukudanganya. Kwa mtafiti, karatasi hiyo ina hadhi ya hati ya kale. Mwombe muuzaji akuonyeshe, na uilinganishe kilomita zilizoandikwa pale na zile za dashibodi.

Hata hivyo hati hiyo inaishia siku gari lilipouzwa. Kilichofuata lazima ukisome kwenye namba ya usajili. Vijana husifia namba E wakidhani wanasifia upya wa gari. Herufi inakueleza gari liliandikishwa lini hapa Tanzania, haikuelezi liliundwa lini. Weka pamoja Impreza mbili za mwaka 2003. Yenye namba B imeishi sehemu kubwa ya umri wake juu ya matuta na vumbi letu. Yenye namba E imeishi Japani kwenye lami na imekuja huku uzeeni. Bushi, shokapu na rejeta zao haziwezi kufanana. Kwa upande mwingine, ile ya namba B ina historia unayoweza kuiulizia: fundi wake yupo, majirani wanaijua. Ile ya namba E ina karatasi moja tu ya kuisemea. Mimi sijawahi kuamini kwamba upande mmoja unashinda daima. Huchagua ule ambao ushahidi wake ni mzito zaidi.

Kodi nitaipitia haraka, kwa sababu viwango hutazamwa upya katika bajeti ya kila Juni na utakaposoma huenda vimesogea. Kwa viwango tulivyovizoea, gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000 au asilimia 10 ikizidi hapo, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya mrundikano wote. Piga hesabu kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari lililofika bandarini: kwa kodi hizi pekee, gari la lita mbili litagharimu 199, la lita mbili na nusu litagharimu 206 na ushee. Kijiweni watu huogopa ujazo wa injini, na hesabu inaonyesha kwamba kinachouma ni umri. Thamani yenyewe, tena, ni ile inayokubaliwa na TRA katika mfumo wake, haitegemei ulilipa bei gani kwa rafiki yako wa Yokohama.

Mpaka wa Namanga unaifanya hesabu hii ipendeze. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka kumi na mitano mwaka 2018. Sisi hatukatazi, tunatoza. Kwa hiyo Altezza ya mwisho iliyoundwa mwaka 2005 bado inaweza kushushwa Dar es Salaam leo na kuja Arusha, wakati Nairobi, kilomita 270 hivi kutoka hapa, zilizopo ndizo zilizopo na kila inayogongwa inapunguza idadi. Ndiyo maana jarida la Nairobi likikupa ushauri wa kununua Impreza ya zamani, lisome kwa heshima lakini ujue linazungumzia soko jingine.

Gereji ina kauli yake. Silinda za Subaru zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo uzito wa injini uko chini na gari linakata kona vizuri. Gharama ya raha hiyo ni kwamba plagi zimetazama kuta za gari na fundi anazibadilisha kwa kupapasa. Lakini vipuri vyake vingi vinaingiliana na Forester na Legacy, na hizo zipo tele. Plagi za Altezza ziko juu, mtoto wa fundi anaziona. Tatizo lake ni kwamba toleo lile la 3S lenye nguvu farasi 210 lilifungwa kwenye Altezza, basi, hivyo ukivunja kitu cha ndani unatafuta injini ya gari adimu. Zote mbili zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na ukikatika pistoni zaweza kukutana na vali. Muuzaji asiye na kumbukumbu ya kuubadilisha, punguza bei ya mkanda na kazi yake papo hapo.

Jambo la tairi nimeona linasahaulika kuliko yote. Gari linalosukuma magurudumu manne linataka tairi nne zenye mzingo sawa, maana tofauti ndogo hulazimisha difu ya kati kufanya kazi muda wote hadi ichemke na kufa. Ukipasua tairi moja la Impreza kwenye shimo, mara nyingi bajeti yako ni ya tairi nne. Mwenye Altezza ananunua mbili na kulala usingizi. Ila masika yakianza na mitaa ya udongo ikalainika, atamtazama mwenye Impreza akipita huku yeye akisukumwa, na Altezza iko chini zaidi hata kabla mtu hajaikata springi.

Sasa kuendesha. Kanuni ya msingi ya elimu hii ni kushika yote sawa isipokuwa gari: siku moja, njia moja, upepo wa tairi mmoja, abiria wale wale. Wakazi wa jiji hili wana bahati ya maabara nzuri. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru inakupa lami pana, mchepuko wa kilomita 42 unaozunguka jiji unakupa mwendo mrefu, na mtaa wako mwenyewe unakupa matuta na kokoto. Huhitaji kukimbia. Penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa na trafiki yupo na tochi yake; mambo mengi unayotafuta hujitokeza chini ya hapo. Sikiliza bushi kwenye tuta. Achia usukani kidogo kwenye lami tambarare uone gari linavuta upande gani. Kwa Impreza, panda mlima kwa gia ya tatu kutoka mwendo mdogo usikie turbo inaamka wapi na kama kuna mluzi au moshi. Kwa Altezza ya gia za mkono, angalia kama gia zote sita zinaingia bila kukwaruza.

Nikilazimishwa kutoa hukumu, nitaitoa. Kwa mtu anayeishi Tanga au Dar es Salaam ningesema Altezza. Kwa mkazi wa Sokon I, kwa sababu ya hewa na ya masika, nasema Impreza, sharti iwe GDA ambayo hakuna aliyegusa kompyuta yake wala turbo yake. Na ikiwa katika soko zima gari lenye ushahidi mzuri kuliko yote ni Altezza, naiacha hukumu yangu na kununua Altezza.

Sura ya kwanza inaanza na injini baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha makosa yake: pistoni iliyolegea hunyamaza, moshi wa bluu wa kuwashia umeshatoweka. Kwa hiyo kabla hujaifungua sura hiyo, mpigie muuzaji umwambie utafika saa moja asubuhi, na umwombe asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana kwa kirefu.